Beatrix Potter

Helen Beatrix Potter (28 Julai 1866 – 22 Desemba 1943) alikuwa mwandishi na mchoraji wa vitabu vya watoto, mtafiti wa uyoga, mfugaji wa kondoo na mhifadhi wa mazingira kutoka nchini Uingereza.

Anajulikana hasa kwa kitabu chake The Tale of Peter Rabbit, hadithi ya mtoto wa sungura anayeingia katika bustani ya mkulima ingawa mama yake amemkataza. Wachapishaji kadhaa walikataa kitabu hicho. Mwezi Desemba 1901 Potter alikichapisha kwa fedha zake mwenyewe, nakala 250 tu. Mwaka uliofuata kilitolewa na Frederick Warne & Co., kampuni ambayo ilikuwa miongoni mwa zile zilizokikataa, na kikawa kimoja kati ya vitabu vya watoto vinavyosomwa zaidi duniani.

Kwa sababu hiyo jina lake hutajwa mara nyingi pale watu wanapojadili kama mwandishi mchanga ajichapishie kazi yake au aipeleke kwenye kampuni ya uchapishaji. Potter alizitumia njia zote mbili kwa zaidi ya miaka 25, na kila moja ilimpa faida na hasara zake.

Maisha ya awali

Potter alizaliwa katika eneo la South Kensington, London, katika familia tajiri. Baba yake, Rupert Potter, alisomea sheria na kuwa wakili, lakini muda wake mwingi aliutumia katika sanaa na upigaji picha. Mama yake, Helen Leech, alikuwa binti wa mfanyabiashara wa pamba. Utajiri wa pande zote mbili za familia ulitokana na viwanda vya nguo vya kaskazini mwa Uingereza. Wazazi wake walikuwa waumini wa madhehebu ya Waunitaria.

Mdogo wake pekee, Walter Bertram, alizaliwa mwaka 1872. Bertram alipelekwa shule ya bweni, lakini Beatrix hakuwahi kwenda shule. Alifundishwa nyumbani na walimu walioajiriwa na wazazi wake, kama ilivyokuwa desturi kwa mabinti wa tabaka lake. Mwalimu wake wa mwisho, Annie Carter, alimzidi umri kwa miaka mitatu tu, na wawili hao wakawa marafiki wa maisha.

Watoto hao wawili walifuga wanyama wengi ndani ya nyumba: sungura, panya, vyura, mijusi, popo na kalunguyeye. Beatrix aliwachora kwa makini, akijifunza mifupa na mienendo yao. Sungura wake wawili, Benjamin na Peter, baadaye waliwapa majina wahusika wa vitabu vyake.

Kila mwaka familia ilihamia mashambani kwa miezi kadhaa ya majira ya joto. Kwa miaka mingi walikwenda Perthshire huko Uskoti. Kuanzia mwaka 1882 walianza kwenda Lake District, eneo la milima na maziwa kaskazini-magharibi mwa Uingereza. Huko walifahamiana na kasisi Hardwicke Rawnsley, ambaye mwaka 1895 alikuwa mmoja wa waanzilishi watatu wa National Trust, taasisi inayohifadhi ardhi na majengo ya kihistoria.

Akiwa na umri wa miaka 14 hivi, Potter alianza kuandika shajara kwa maandishi ya siri aliyoyabuni mwenyewe. Aliendelea nayo hadi mwaka 1897. Hakuna aliyeweza kuisoma hadi mwaka 1958, Leslie Linder alipofaulu kuyafumbua maandishi hayo. Ilichapishwa mwaka 1966.

Utafiti wa uyoga

Katika miaka ya 1890 Potter alijishughulisha sana na uyoga. Alichora mamia ya picha za rangi za maji zenye usahihi mkubwa, akisaidiwa kwa ushauri na Charles McIntosh, mtu wa posta wa Perthshire aliyekuwa mjuzi wa mimea. Pia alizichunguza spora kwa hadubini na kujaribu kuziotesha.

Mjomba wake, mwanakemia Henry Roscoe, alimsaidia kufika kwa wataalamu wa bustani za Kew, lakini hawakumpokea kwa uzito. Tarehe 1 Aprili 1897 makala yake kuhusu uotaji wa spora iliwasilishwa mbele ya Linnean Society ya London. Wakati huo wanawake hawakuruhusiwa kuwa wanachama wala kuhudhuria mikutano, hivyo iliwasilishwa na George Massee wa Kew. Potter aliiondoa baadaye ili aifanyie kazi zaidi, na haikuchapishwa kamwe. Nakala yake imepotea. Mwaka 1997 chama hicho kilikiri kwamba hakikumtendea haki.

Picha zake hazikupotea. Mwaka 1967, miaka 24 baada ya kifo chake, 59 kati yake zilitumika katika kitabu cha W. P. K. Findlay kuhusu uyoga wa Uingereza.

Kuanza kwa kazi ya vitabu

Fedha za kwanza Potter alizipata mwaka 1890. Kampuni ya Hildesheimer & Faulkner ilinunua michoro yake ya sungura kwa ajili ya kadi za salamu, kisha ikaitumia kupamba kijitabu cha mashairi ya mtu mwingine.

Hadithi ya Peter Rabbit ilianza kama barua. Annie Carter alikuwa ameolewa na kuitwa Annie Moore, na Potter alikuwa na mazoea ya kuwaandikia watoto wake barua zenye picha. Tarehe 4 Septemba 1893, akiwa Uskoti, alimwandikia Noel, mtoto wa miaka mitano aliyekuwa mgonjwa kitandani. Kwa kuwa hakuwa na habari za kumpa, alimsimulia na kumchorea kisa cha sungura wanne wadogo. Siku iliyofuata alimwandikia mdogo wake Noel kisa cha chura mvuvi, ambacho pia kilikuja kuwa kitabu mwaka 1906.

Karibu na mwaka 1900 Annie Moore alimshauri azigeuze barua hizo kuwa vitabu. Watoto walikuwa wamezitunza. Potter aliiazima barua ya Noel, akainakili, akarefusha hadithi na kuongeza picha.

Kukataliwa na wachapishaji

Potter alipeleka mswada wake kwa wachapishaji sita au zaidi, na wote waliukataa. Mvutano haukuhusu ubora wa hadithi peke yake, bali umbo la kitabu.

Potter alitaka kitabu kidogo kinachoweza kushikwa na mikono ya mtoto, chenye picha katika kila kurasa mbili zinazotazamana na maneno machache kando yake. Alitaka pia kiwe cha bei nafuu. Alikubali picha nyingi ziwe za mistari myeusi tu, kwa sababu rangi zingepandisha gharama, na rangi za sungura na bustani, yaani kahawia na kijani, alizihesabu kuwa hazivutii sana. Wachapishaji wengine walitaka kitabu kikubwa zaidi cha kuuzwa kwa bei ya juu. Paundi moja ya Kiingereza ilikuwa na shilingi 20, na kitabu cha shilingi sita kilikuwa nje ya uwezo wa familia nyingi. Potter hakukubali kubadili mpango wake.

Kasisi Rawnsley alijaribu kumsaidia kwa kuiandika upya hadithi hiyo kwa mashairi na kuipeleka, pamoja na picha za Potter, kwa Frederick Warne & Co. Kampuni hiyo ilipendelea maneno ya Potter mwenyewe, lakini ilitaka picha zote ziwe za rangi.

Toleo la binafsi la mwaka 1901

Kabla ya kufikia makubaliano na mtu yeyote, Potter aliamua kujichapishia. Alichukua akiba yake na kuipeleka kazi kwa wapiga chapa wa Strangeways & Sons, London. Picha za ndani zilikuwa za mistari myeusi. Picha moja tu ya mwanzoni ilikuwa ya rangi, iliyochapwa kwa mbinu ya rangi tatu iliyokuwa mpya wakati huo.

Nakala 250 zilikuwa tayari tarehe 16 Desemba 1901. Potter aligawa baadhi kama zawadi za Krismasi na kuuza nyingine kwa ndugu na marafiki kwa shilingi moja na peni mbili. Mmoja wa walioipata alikuwa Arthur Conan Doyle, mtunzi wa hadithi za Sherlock Holmes, aliyeinunua kwa ajili ya watoto wake. Nakala ziliisha kwa muda mfupi, na mwezi Februari 1902 Potter alichapa nyingine 200.

Toleo hilo lilimpa mambo mawili ambayo barua za kukataliwa hazikumpa. Kwanza, kitabu kilikuwepo katika umbo alilolitaka, na mtu yeyote angeweza kukishika na kuona kama wazo lake linafaa. Pili, wanunuzi walikuwa wamejitokeza. Hata hivyo, njia hiyo ilikuwa na mipaka. Nakala 450 ziliuzwa au kugawiwa kwa watu waliomfahamu au waliofahamiana na jamaa zake. Hakuwa na njia ya kuzifikisha kwenye maduka ya vitabu nchini kote, wala fedha za kuchapa picha nyingi za rangi.

Ikumbukwe pia kwamba Potter alikuwa na akiba na familia tajiri nyuma yake. Mwandishi asiye na fedha asingeweza kufuata njia hiyo kwa urahisi.

Mkataba na Frederick Warne & Co.

Wakati kazi ya chapa ya binafsi ikiendelea, mazungumzo na Warne yalifufuka. Vitabu vidogo vya picha kwa watoto vilikuwa vimeanza kupata soko zuri, na kampuni hiyo ilitaka kuwa na chake. Iliongozwa na ndugu watatu, Harold, Fruing na Norman, wana wa mwanzilishi wake.

Kila upande ulilegeza kamba. Potter alikubali kuchora upya picha zake kwa rangi na kupunguza maneno na idadi ya picha. Kampuni ilikubali kitabu kibaki kidogo na cha bei nafuu: shilingi moja kwa jalada la kawaida, na shilingi moja na nusu kwa jalada la kitambaa. Uchapaji wa rangi ulifanywa na Edmund Evans, aliyekuwa mmoja wa wapiga chapa wa rangi wenye sifa kubwa Uingereza. Mkataba ulitiwa saini Juni 1902.

Kitabu kilitoka Oktoba 1902. Nakala 8,000 za kwanza zilikuwa zimeagizwa zote kabla ya siku ya kutolewa. Kufikia mwisho wa mwaka nakala 28,000 zilikuwa zimechapwa, na baada ya mwaka mmoja zilizidi 56,000. Potter alikuwa na umri wa miaka 36.

Fundi wa Gloucester

Kufanikiwa kwa kitabu cha kwanza hakukumfanya Potter aache kujichapishia. Desemba 1902, miezi miwili tu baada ya Peter Rabbit kuingia madukani, alichapisha kwa gharama yake nakala 500 za The Tailor of Gloucester. Ni hadithi ya fundi maskini wa nguo ambaye panya wanamsaidia usiku kumaliza kushona koti la harusi la meya.

Alikuwa na sababu zake. Hakutaka kuiharakisha kampuni itoe kitabu cha pili mapema hivyo. Pia alikuwa ameingiza katika hadithi mashairi mengi ya zamani ya watoto, na alitarajia kwamba wahariri wangeyapunguza. Ndivyo ilivyokuwa: toleo la Warne la mwaka 1903 lilikuwa na mashairi machache zaidi na picha zilizofanyiwa kazi upya. Hivyo zipo Tailor of Gloucester mbili, moja jinsi mwandishi alivyoipenda na nyingine jinsi ilivyowafikia wasomaji wengi.

Kuanzia hapo Potter alitoa kitabu kimoja au viwili karibu kila mwaka. Alifuatilia kila hatua ya kazi: ukubwa wa karatasi, rangi za majalada, mpangilio wa picha na uchaguzi wa neno moja moja. Mengi ya mambo hayo aliyajadili kwa barua na Norman Warne, aliyekuwa mhariri wake.

Hakimiliki na bidhaa

Kosa moja la kampuni lilimgharimu sana. The Tale of Peter Rabbit hakikuandikishwa kwa ajili ya hakimiliki nchini Marekani. Wachapishaji wa huko walianza kukichapa na kukiuza bila ruhusa, na Potter hakupata kitu kutokana na nakala hizo. Vitabu vilivyofuata viliandikishwa mapema.

Kwa upande mwingine, Potter mwenyewe alikuwa miongoni mwa waandishi wa kwanza kutambua thamani ya wahusika wao nje ya vitabu. Mwaka 1903 alishona mwanasesere wa Peter Rabbit na kumwandikisha katika ofisi ya hataza ya Uingereza. Baadaye alibuni mchezo wa ubaoni wenye wahusika wake na kitabu cha kupaka rangi. Aliruhusu pia wahusika hao watumike kwenye vyombo vya chai, karatasi za ukutani na bidhaa nyingine, lakini kila bidhaa ilipaswa kupata kibali chake. Mapato ya bidhaa hizo yaliongezeka mwaka hadi mwaka.

Uchumba na Norman Warne

Kazi ya vitabu ilimleta Potter karibu na Norman Warne. Tarehe 25 Julai 1905 Norman alimwomba uchumba kwa barua, naye akakubali. Wazazi wake walipinga. Ingawa mali yao wenyewe ilitokana na viwanda, waliona kwamba mtu anayeishi kwa biashara hamfai binti yao. Potter, aliyekuwa anakaribia miaka 39, alishikilia uamuzi wake na kuvaa pete, lakini alikubali uchumba usitangazwe.

Harusi haikufanyika. Norman alifariki ghafla kwa ugonjwa wa damu tarehe 25 Agosti 1905, mwezi mmoja baada ya kuchumbia. Alikuwa na umri wa miaka 37. Kwa kuwa uchumba wao haukujulikana nje ya familia, Potter hakuweza kuomboleza hadharani kama mchumba.

Mwaka huohuo alinunua shamba la Hill Top, lenye ekari 34, katika kijiji cha Near Sawrey, Lake District. Alilipa kwa mapato ya vitabu vyake na urithi kutoka kwa shangazi yake. Nyumba, bustani na mitaa ya kijiji hicho vinaonekana katika picha za vitabu kadhaa vya miaka iliyofuata, vikiwemo vya Tom Kitten na Jemima Puddle-Duck.

Ndoa na kilimo

Potter aliendelea kununua ardhi karibu na Hill Top. Mambo ya sheria yalishughulikiwa na William Heelis, wakili wa mji mdogo wa Hawkshead. Wawili hao walifunga ndoa London tarehe 15 Oktoba 1913, tena bila ridhaa ya mwanzo ya wazazi wa Potter. Waliishi Castle Cottage, Near Sawrey, na hawakupata watoto. Kijijini alijulikana kama Bi Heelis, mkulima.

Baada ya ndoa alichapisha vitabu vichache zaidi. Macho yake yalikuwa yakidhoofika, na kilimo kilichukua muda wake. Mwaka 1923 alinunua shamba kubwa la Troutbeck Park. Akawa mfugaji mwenye sifa wa kondoo wa aina ya Herdwick, kondoo wagumu wa milima ya eneo hilo ambao idadi yao ilikuwa ikipungua. Mwaka 1943 alichaguliwa kuwa rais wa chama cha wafugaji wa kondoo hao, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa, lakini alifariki kabla ya kuanza kazi hiyo.

Kashfa ya kampuni

Baada ya kifo cha Norman, mahusiano ya Potter na kampuni yalishikwa na Harold Warne. Kadiri miaka ilivyopita, malipo ya mrabaha yalichelewa na hesabu hazikueleweka. Potter aliandika barua nyingi za kudai maelezo.

Mwaka 1917 ukweli ulijulikana. Harold alikuwa akighushi hati za fedha ili kuokoa biashara ya uvuvi ya familia iliyokuwa kisiwani Jersey. Kiasi kilichohusika kilikuwa paundi 20,000 hivi. Alihukumiwa kifungo cha miezi 18 pamoja na kazi ngumu, na kampuni ikakaribia kufilisika.

Potter alikuwa miongoni mwa wadai wakubwa. Angeweza kuondoka, lakini kampuni ikianguka, hatima ya vitabu vyake vyote ingekuwa mikononi mwa wengine. Alichagua kuisaidia. Alikusanya michoro na mashairi ya zamani na kutoa Appley Dapply's Nursery Rhymes mwaka 1917, na mwaka uliofuata akatoa The Tale of Johnny Town-Mouse. Fruing Warne alishika uongozi, na kampuni ilisajiliwa upya mwaka 1919. Vitabu vya Potter ndivyo vilivyoibeba.

Kurudi kwenye uchapishaji wa binafsi

Katika miaka ya 1920 wasomaji kutoka Marekani walianza kumtembelea Near Sawrey. Mmoja wao alikuwa mchapishaji Alexander McKay wa Philadelphia, aliyemwomba kitabu kipya. Matokeo yake yalikuwa The Fairy Caravan, hadithi ndefu iliyotolewa na kampuni ya David McKay mwaka 1929.

Potter hakutaka kitabu hicho kiuzwe Uingereza, kwa sababu kilihusu mno maisha yake na watu wa kijijini kwake. Lakini alikumbuka yaliyotokea kwa Peter Rabbit Marekani, na safari hii hakuacha hakimiliki bila ulinzi. Aliagiza nakala 100 zenye kurasa za mwanzo zilizochapwa Ambleside, mji mdogo ulio karibu na Near Sawrey, ili ailinde kazi yake kisheria nchini mwake. Nyingi aliwagawia majirani na wachungaji wake. Toleo la Warne lilitoka mwaka 1952, baada ya kifo chake.

Kifo na wosia

Potter alifariki Castle Cottage tarehe 22 Desemba 1943 akiwa na umri wa miaka 77. Mwili wake ulichomwa, na majivu yakatawanywa na mchungaji wake, Tom Storey, mahali ambapo hapakutangazwa. Mume wake alifariki mwaka 1945.

Katika wosia aliiachia National Trust zaidi ya ekari 4,000 za ardhi, pamoja na mashamba, nyumba na makundi ya kondoo wa Herdwick. Sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilinunuliwa kwa mapato ya vitabu. Nyumba ya Hill Top ilifunguliwa kwa wageni mwaka 1946. Lake District, ambako mashamba yake yapo, iliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2017.

Urithi

Vitabu vidogo 23 vya Potter bado vinachapishwa, na vimetafsiriwa katika makumi ya lugha. Maisha yake yalionyeshwa katika filamu Miss Potter ya mwaka 2006. Nakala zilizobaki za toleo la binafsi la mwaka 1901 ni miongoni mwa vitabu vya watoto vinavyotafutwa sana na wakusanyaji.

Katika historia ya uchapishaji, Potter ni mfano wa mwandishi ambaye hakuichukulia njia moja kuwa adui wa nyingine. Alijichapishia alipotaka kitabu kiwe kama alivyokipanga, au alipotaka kulinda haki yake. Alitumia kampuni alipohitaji rangi, maduka na wasomaji wengi, na kwa hilo alikubali kukatiwa maneno. Makosa ya kampuni katika hakimiliki na hesabu yalimpotezea fedha, lakini bila kampuni hiyo kitabu chake huenda kingebaki nakala 450 katika nyumba za marafiki.

Baadhi ya vitabu vyake

- The Tale of Peter Rabbit (toleo la binafsi 1901, Warne 1902)
- The Tailor of Gloucester (toleo la binafsi 1902, Warne 1903)
- The Tale of Squirrel Nutkin (1903)
- The Tale of Benjamin Bunny (1904)
- The Tale of Mrs. Tiggy-Winkle (1905)
- The Tale of Mr. Jeremy Fisher (1906)
- The Tale of Tom Kitten (1907)
- The Tale of Jemima Puddle-Duck (1908)
- The Tale of Pigling Bland (1913)
- Appley Dapply's Nursery Rhymes (1917)
- The Tale of Johnny Town-Mouse (1918)
- The Fairy Caravan (1929)
- The Tale of Little Pig Robinson (1930)